Aya Aliyoikata Mkasi

Mume wangu hajawahi kuandika habari hata moja maishani mwake, lakini kwa miaka kumi na tisa hakuna habari iliyotoka kwenye lile gazeti bila kupita mikononi mwake. Yeye ni msanifu wa kurasa. Anapewa maneno, anapewa picha, anapewa matangazo, na kazi yake ni kuhakikisha vyote vinaenea kwenye ukurasa. Kazini wanamwita Mkasi. Mwanzoni nilidhani ni kwa sababu ya ulimi mkali, nikacheka peke yangu, maana huyu bwana nyumbani hata kuku akiingia sebuleni anamwomba atoke kwa adabu. Kumbe ni kwa sababu ya kukata.

Kukata kwenyewe kuna utaratibu, na niueleze mapema maana hapo ndipo balaa letu lilipoanzia. Habari ikiwa ndefu kuliko nafasi yake, inakatwa kuanzia mkiani. Hakuna anayeisoma upya. Waandishi wote wanajua, kwa hiyo mazito wanayaweka juu, mepesi chini, na Mkasi anaondoa ya chini huku anapiga soga. Ajali, siasa, mpira, wizi wa nyaya, ukikata mkia hakuna kinachoharibika. Mtu aliyekufa kwenye aya ya kwanza amekufa, aya ya tisa haitamfufua. Alinieleza haya mwaka tuliooana, anajisifu kweli, na mimi nikaona nimepata mume mwenye akili.

Sasa wifi yangu. Huyo ni dada yake mkubwa, na ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki mume wangu akiwa na miaka sita. Dada mtu, naye binti wa miaka kumi na minne tu, akaacha shule akakalia cherehani kushona sare za wanafunzi, na kwa hizo kola na vifungo akamsomesha mdogo wake mpaka akapata cheti. Nilipokuwa naolewa watu walinionya, huna mama mkwe lakini una wifi. Weee! Nilikiona cha moto. Mwaka wa kwanza akija kwangu alikuwa anapitisha kidole juu ya kabati kutafuta vumbi, halafu ananionyesha kidole bila kusema neno. Tuligombana, tukapatana, tukagombana tena, mpaka tukazoeana. Leo ukimsema vibaya mbele yangu tutatafutana.

Wifi alinunua gazeti kila asubuhi, ingawa mdogo wake angeweza kumletea bure. Alisema cha bure hakina heshima. Alilisoma na kalamu mkononi, anapigia mistari. Kwake jambo halikuwa kweli mpaka liandikwe. Ukimwambia mvua inanyesha, anaweza kukuuliza umeisoma wapi. Na mteja akibishana naye pale kwenye chumba chake cha kushonea, alikuwa na jibu moja tu: "Hilo ni gazeti la mdogo wangu. Lingekuwa la uongo ningelijua."

Na wifi ana kisukari. Mwaka wa tisa huu anajichoma sindano tumboni, asubuhi na jioni, na kila siku anazilaani. "Mimi ndiye wa kuchoma nguo sindano," anasema, "sasa imekuwaje nachomwa mimi?"

Ilikuwa Alhamisi. Chuo fulani kilituma taarifa kwamba watafiti wake wamewapa panya unga wa mbegu za papai na sukari yao ikashuka. Taarifa akapewa mwandishi wa afya, mtu mzima tu wa makamo, ambaye Jumatatu anaandika mpira, Jumatano anaandika mahakama, Alhamisi ndiyo anakuwa daktari. Simlaumu sana. Aliandika yote aliyoyakuta kwenye karatasi ya chuo, kwa mpangilio ule ule wa chuo, na chuo kilikuwa kimeliweka onyo mwishoni. Aya yake ya mwisho ilisema kwamba majaribio yamefanywa kwa panya kumi na wawili, kwamba hakuna binadamu aliyejaribiwa, na kwamba mgonjwa yeyote asithubutu kuacha dawa wala sindano alizoandikiwa na daktari wake.

Mhariri, ambaye wote wanamwita Bosi, akasoma aya mbili za juu akapachika kichwa cha habari: MBEGU ZA PAPAI ZAKOMESHA KISUKARI. Saa kumi na moja jioni likaingia tangazo la magodoro ambalo lilikuwa halijatarajiwa. Mkasi akapima, akaona pamezidi, akakata mkia. Akaja nyumbani akala, tukaongea habari ya bomba linalovuja. Hata hakukumbuka kwamba kulikuwa na papai.

Mficha maradhi, kilio humfichua, lakini wifi alificha vizuri. Wiki tatu nzima tulipompigia simu alijibu, "Mzima kama chuma." Nilimwona siku moja amekonda, nikamtania kwamba anatafuta mchumba. Akacheka. Mungu anisamehe, nilimsifia kiuno.

Siku ya ishirini na mbili mpangaji mwenzake akatupigia. Tulimkuta sakafuni pembeni ya cherehani, ulimi mkavu, macho yamebaki wazi lakini hayamwoni mtu. Hospitali walimtoboa kidole, mashine ya kupimia sukari ikashindwa kutoa namba. Ilikuwa imepita kiwango inachoweza kusoma. Nilirudi nyumbani kwake kumchukulia nguo, nikafungua friji. Chupa za dawa zilikuwa zimepangwa nyuma ya maziwa, zote na vizibo vyake, hata moja haijaguswa. Juu ya meza kulikuwa na kopo la unga mweusi na kijiko ndani yake, nikalichukua.

Daktari alipoliona lile kopo hakuuliza ni nini. Alisema, "Huyu ni wa nne." Kisha akatuonyesha kipande cha gazeti ambacho muuguzi alikitoa kwenye mkoba wa wifi, kimepigiwa mistari kwa kalamu ya bluu. Mume wangu akakipokea. Mtu mwingine angesoma kichwa cha habari. Yeye macho yalishuka moja kwa moja mpaka chini, pale maneno yanapokutana na picha ya godoro, akapapasa ule ukingo kwa kidole gumba. Halafu akatoka nje.

Nilimfuata. Alikuwa amesimama kwenye korido kaelekea ukutani.

"Kulikuwa na aya nyingine hapa," akasema. "Ya panya. Ya kwamba wasiache sindano. Nimeikata mimi."

"Uliisoma?"

"Niliiona tu. Mimi sisomi, mke wangu. Mimi napima."

Nilitaka kumgombeza, maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni. Lakini alikuwa analia, na sikuwa nimewahi kumwona analia, hata tulipompoteza mtoto wetu wa kwanza. Basi nikamshika mkono nikanyamaza, jambo ambalo wanaonijua hawatalisadiki.

Siku ya nne wifi akazinduka. Siku ya sita akakaa kitandani akaomba kitana. Na siku ya saba akasema maneno yaliyonitoa jasho.

"Nimegundua nilipokosea," akasema. "Nilikuwa naweka kijiko kimoja. Nadhani vilitakiwa viwili."

Daktari alikuwa ameshatuambia wazi kwamba ikitokea tena wifi hatapona. Wifi anaishi peke yake. Hakuna wa kumlinda asubuhi na jioni, na ukimwambia ahamie kwako atakuuliza kama unamwona mzigo. Mume wangu akavuta kiti, akamshika mkono, akamweleza kila kitu. Panya, aya, godoro, mkasi. Aliongea taratibu kama mtu anayetoa ushahidi.

Dada yake akamsikiliza mpaka mwisho, akampigapiga shavuni.

"Mwanangu," akasema, "wewe ulikuwa unasema umeshiba ili mimi nile. Nakujua. Unataka nichome sindano ndiyo maana unajisingizia."

"Dada, naapa."

"Usiape. Kama ni kweli, mbona hamjaandika?"

Nikamwangalia mume wangu. Yaani mtu anakwambia kwa kinywa chake, mtu uliyemlisha kwa mkono wako, na wewe unamwamini mwenye godoro! Nilikasirika hadi nikatoka nje kununua maji ambayo sikuyahitaji.

Kesho yake mume wangu akaenda kwa Bosi kuomba waandike masahihisho. Haya alinisimulia mwenyewe, na kwa kuwa hajui kutia chumvi, nayaamini. Bosi alilitoa gazeti la siku ile akalitandaza mezani.

"Nionyeshe neno moja la uongo humu."

Mume wangu akasoma habari yote, mara ya kwanza tangu itoke. Hakukuwa na neno la uongo. Panya walipewa mbegu, kweli. Sukari ilishuka, kweli. Mtafiti alisema matokeo yanatia moyo, kweli alisema.

"Kichwa cha habari," akasema.

"Kichwa ni mlango tu. Mtu anaingia ndani anajionea mwenyewe."

"Ndani tulipunguza."

"Kila siku tunapunguza, Mkasi. Sasa tuandike nini? Kwamba tulisema kweli ila kidogo? Tukianza hivyo tutasahihisha gazeti zima kila asubuhi." Halafu, na hili ndilo lililomuuma, Bosi akamwuliza dada anaendeleaje, akamwambia achukue ruhusa siku mbili. Hakuwa mtu mbaya. Mwandishi wa afya naye alipofuatwa alisema aliiweka aya, ushahidi upo kwenye kompyuta. Chuo kilipopigiwa simu, yule mama wa mawasiliano alisema onyo lilikuwemo kwenye taarifa yao. Kila mmoja alikuwa amefanya kazi yake sawasawa, na wifi yangu alikuwa amelala hospitali na mrija mkononi.

Mume wangu alirudi nyumbani akakaa na njaa yake bila kugusa sahani. Nilimwambia, "Dada yako anataka kuona limeandikwa. Basi si ukaandike?"

Nilisema kwa hasira tu. Lakini niliona macho yake yanabadilika, nikajua nimeshamtia wazo.

Ukurasa ule ulikuwa bado umo kwenye kompyuta yake. Mchana wenzake walipokwenda kula aliufungua, akaondoa godoro, akairudisha aya mahali pake, na kichwa cha habari akakiandika upya: MBEGU ZA PAPAI BADO ZINAJARIBIWA KWA PANYA TU. Tarehe ile ile, namba ile ile ya ukurasa. Akautoa kwenye mashine yao ya kuchapia sampuli, juu ya karatasi yenyewe ya gazeti. Miaka kumi na tisa, na hiyo ndiyo habari ya kwanza aliyoisoma mstari kwa mstari kabla haijatoka. Ilitoka nakala moja.

Na mimi sijitoi. Ule ukurasa ulikuwa mpya mno, unanukia wino, kwa hiyo niliukunja nikaukalia siku mbili nikichambua mchele, nikaupaka kidole cha mafuta pembeni. Tukampelekea nyumbani kwake, maana alikuwa ameshatoka hospitali. Mume wangu akamwambia kwamba siku ile gazeti lilitoka mara mbili, kwamba toleo la kwanza lilikuwa na kasoro na la pili likarekebishwa, na yeye dada kwa bahati mbaya alipata la kwanza. Huyu mtu asiyejua kudanganya alidanganya bila kupepesa.

Wifi akavaa miwani. Akasoma, akapigia mstari, akasoma tena.

"Panya," akasema. "Mimi nimejifanya panya?"

Jioni ile ile alichoma sindano, na kopo akalimwaga chooni mbele yangu. Nilirudi nyumbani nimefurahi mpaka nikapitiliza kwetu. Wiki moja, mbili, mwezi. Akanenepa kidogo, akarudia kupitisha kidole juu ya kabati langu. Nilikiona kile kidole nikamshukuru Mungu.

Njia ya mwongo ni fupi. Siku ya kliniki wifi alikaa kwenye foleni ya wagonjwa wa sukari, na wanawake wanne watano wakawa wanaongelea mbegu. Mmoja alikuwa na kile kipande cha gazeti kwenye kanga. Wifi, kwa ule ujuaji wake, akawaambia wamesoma toleo la kwanza, wakatafute la pili. Mmoja wao mumewe anauza magazeti. Akaenda kuuliza. Jibu lililorudi ni kwamba siku ile, na siku nyingine yoyote, gazeti lile halijawahi kutoka mara mbili.

Alitukuta tunakula. Hakukaa. Aliuweka ule ukurasa juu ya meza katikati ya sahani.

"Huu ni wa wapi?"

Mume wangu akasema, "Nimeutengeneza mimi."

"Kwa hiyo ni wa uongo."

"Maneno ni ya kweli, dada. Kila neno."

"Na lile nililonunua?"

Mume wangu akasukuma sahani yake pembeni. Wifi akageuka kwangu, nami nikaangalia sakafu, maana mafuta yale pembeni yalikuwa ya kidole changu.

"Mimi nimeishia darasa la saba," akasema. "Nikikuta kitu kimeandikwa, ndiyo shule yangu hiyo. Sasa la dukani linaniua, la kuniponya mmelipika jikoni kwenu. Kesho nikisoma chochote, nishike lipi?"

Nilidhani atasema hachomi sindano tena. Lakini alifungua mkoba wake, akatoa sindano, akapandisha blauzi pale pale mezani, akajichoma.

"Nachoma kwa sababu niliambiwa ulilia hospitali," akamwambia mdogo wake. "Si kwa sababu ya karatasi yako. Na wale wenzangu wa foleni hawana mdogo wao huko gazetini. Nimewaambia Jumamosi waje kwangu. Utawaambia mwenyewe, kwa mdomo. Usije na karatasi."

Usiku mzima mume wangu hakupata usingizi. Kesho yake alijaribu tena kwa Bosi, akaambiwa kama anataka kuendelea na hayo aamue kati ya kazi na hayo. Hakuamua. Ana miaka hamsini na mbili, ataenda kupima nini pengine? Mpaka leo yuko pale pale, ila siku hizi anasoma mikia kabla ya kukata, na kurasa zake zinachelewa, na wanamsema.

Jumamosi tulitangulia kufika. Wifi alikuwa ameondoa majora ya kitambaa ukutani akapanga viti na mabenchi, nami nikadhani amezidisha. Hakuzidisha. Walikuja watano wa foleni, kila mmoja kamleta mwenzake, mzee mmoja akaja na bakora na mkewe. Mwisho wengine walisimama katikati ya sare zilizotundikwa. Mume wangu alivaa shati la kwendea harusini. Akawaeleza. Hakumtaja Bosi, hakumtaja mwandishi, hakukitaja chuo. Alisema, "Iliandikwa, na mimi nikaitoa ili tangazo lienee." Baadhi walisonya. Mzee wa bakora alimwita jina ambalo silirudii. Mwanamke mmoja aliuliza kama basi na ile habari ya vitunguu saumu nayo ilikatwa, na ya maji ya moto, na ya chanjo, na mume wangu akajibu kwamba hajui, kwamba kwa kweli hakumbuki alichokitoa kwenye habari yoyote ile. Nilimwonea huruma na nilimwonea aibu, vyote kwa pamoja.

Karibu na mlango alikaa binti wa kama miaka thelathini, mwenye pochi mapajani, ambaye hakuonekana mgonjwa. Watu walipoanza kuinuka, akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Mimi sina sukari," akasema. "Aliyekuwa nayo ni mama. Tumemzika mwezi uliopita. Nimekuja tu kusikia hiyo aya ilikuwa inasemaje."

Mume wangu akamsomea kutoka kichwani. Anaijua yote, hata alama zake. Akaenda nayo mpaka maneno ya mwisho, "daktari wake."

"Ilikuwa ndefu?" binti akauliza.

"Hapana. Mistari sita."

Binti akafikiri kidogo. "Sita angeifikia," akasema. "Mama alikuwa analisoma gazeti lote, mpaka pale chini panapoandikwa limechapwa wapi." Akafunga pochi yake, akamshukuru wifi kwa kiti, akatoka. Mume wangu akabaki amesimama kati ya zile sare, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia akae.